Mimi Ndiye Mkia

Thelathini na tisa mbele yangu, mimi wa arobaini.
Asubuhi Eluned alitupanga nje ya Tregaron,
mmoja kushoto, anayefuata kulia, kama meno ya zipu,
na kati yako na wa mbele yako, sekunde mbili.
"Hesabu kwa sauti," akasema. "Aibu haivunji mfupa."

Mkono wake ukishuka, tunapunguza mwendo.
Mguu ukinyooshwa kando: shimo, au kinyesi cha kondoo.
Ishara hupokezanwa mgongo kwa mgongo
hadi kwangu, nisiye na wa kumpa.
Nanyoosha mguu hata hivyo,
nauonyesha upepo wa Wales palipo na shimo.

Penye makutano taa nyekundu ikatukata vipande viwili.
Gethin, pikipiki yake ingali na harufu ya duka,
akanguruma apenye. Akasita. Akateremsha mguu.
Nilimwona kisogo tu, ila kisogo kilitii.
Waliovuka watatungoja; barabara tumeazimwa.

Halafu bibi mmoja na mbwa katika gari dogo,
geti la shamba lake ng'ambo ya msafara wetu.
Tukamwachia mwanya.
Akapunga mkono. Mbwa alitukodolea macho.

Mlimani mvua ikaanza. Nahesabu taa kwenye kona:
kumi na mbili, kumi na tisa, ukungu,
thelathini na moja.

Mwaka jana msafara haukuwa na mkia.
Tulifika, tukavua helmeti, tukacheka,
chai ikamiminwa vikombe arobaini.
Kimoja kikapoa.