Kilango cha Moyo

Februari, Kazan. Mto umeganda hata lori laweza kuvuka,
na Gilmetdin, mchinjaji wa soko la nyuma ya stesheni,
amelala chumba nambari tisa, midomo rangi ya zambarau,
akihesabu hatua za kwenda msalani: kumi na nne,
na kituo cha kuvuta pumzi kwenye ya sita.

Kilango kimoja cha moyo wake kimeota chokaa.
Damu inapita ubavuubavu
kama watu mlangoni sala ya Idi ikiisha.

Tunacho kingine. Kimo chupani, ndani ya dawa,
cheupe kama utando wa yai.
Kimetoka kwa nguruwe.

Cha chuma kingedai dawa ya kulainisha damu hadi kufa,
naye ana kidonda tumboni kinachovuja.
Cha ng'ombe kiko njiani. Wiki tatu.
Moyo huu hauna wiki tatu.

"Usimwambie," alisema Arkady, mpasuaji,
mtu mwema, mikono yake imerudisha wengi.
"Atajua anapumua. Yatosha."

Lakini mimi nina walimu wa aina mbili.
Hawa walinifundisha kusikiliza kifua,
wale kusikiliza swali kabla ya kulijibu.
Sikumbuki aliyenifundisha uongo wa upole.

Jioni nikapanda kwa Hazrati Nurgayan,
chumba kilicho juu ya duka la viatu.
Miaka saba nimeketi pale baada ya zamu,
harufu ya spiriti ikinitangulia ngazini.
Nilidhani atafungua mlango wa dharura moja kwa moja.
Akanisukumia karatasi. "Chora."
Nikachora vyumba vinne na milango yake.
"Ukikataa kufunguka huu, mtu huhisi nini?"
"Anazama, Hazrati. Kitandani, pakavu."
Chai yake ikapoa.

Nikamkumbusha punda wa vitabuni,
aliyetumbukia shimo la chumvi, miaka ikapita, akawa chumvi,
na chumvi ile watu wakailia.
Akatikisa kichwa. "Hiki kimeoshwa tu, binti yangu.
Bado ni yuleyule. Tusijidanganye kwa chumvi.
Imebaki dharura, na dharura si koti
la kuvaa kwa kuwa limetundikwa karibu.
Umetafuta?"

Nilikuwa sijatafuta. Si kwa kweli.
Usiku ule nikapiga simu Moskva, Ufa, Samara,
nikaamsha watu wasionijua.
Hakuna. Hakuna. Wiki tatu.

Asubuhi nikamwambia Gilmetdin yote,
na jina la mnyama nikalitaja kwa Kitatari,
lisije likajificha ndani ya neno la kitabibu.
Tasbihi ya mkewe Sarvar ikasimama.
Alinyamaza muda wa mtu kuchuna kondoo.

"Dharura naijua," akasema. "Hilo sikuulizi.
Nakuuliza hivi: siku ya kufufuliwa,
mwenyewe akija kudai chake?"

Ninazo kurasa za najisi na tohara,
za maiti, za mimba, za mgonjwa asiyeweza kusujudu.
Ya swali hilo sina. Nikasema: sijui.

Akacheka hadi mashine ikapiga kelele
na muuguzi akaja mbio.
"Basi nitamwambia: maisha yangu yote nilikukwepa,
nawe ukanifungulia mlango.
Tukae chini tuhesabu nani anamdai nani."

Akatia saini, herufi zikiyumba.

Kesho yake, kitanda kikisukumwa kwenda chumba cha upasuaji,
akamshika Arkady kifundo cha mkono,
mchinjaji kwa mpasuaji, akasema jambo kwa Kitatari.
Arkady akanigeukia.

"Anasema: kisu kiwe kikali. Mnyama asiteseke."

Hakucheka.
Alirudi kunawa mikono upya,
hadi kwenye viwiko.