Kifuu

Mnara wa tatu hushiba Alhamisi.
Najua kabla ya mita: chupa ya sampuli
inaanza kuona haya,
kisha inakuwa waridi, waridi ya fulana za mtu wa mbali
atakayezivaa mara mbili na kuzitupa.

Hapa Tiruppur mto hufuata mitindo.
Mwaka wa zambarau, Noyyal ulipita zambarau.
Baba, Marudachalam, mtia rangi wa pipa namba nane,
alikula wali kwa vidole vya buluu
hadi siku tulipomchoma.
Sikuangalia moshi ulikuwa wa rangi gani.

Mimi nalisha makaa.
Magunia ya kilo ishirini na tano, meusi tii,
ya vifuu. Ndiyo, kifuu kilekile:
nazi ikishakunwa, tui likishachujwa,
kile cha kuchotea maji au kuwashia jiko.
Hiki kimepikwa bila hewa, kikapigwa mvuke
hadi kikawa matundu ndani ya matundu.
Vijiko vitatu, ukivikunjua, vinatandika uwanja wa mpira.
Hakimezi rangi. Huishika tu,
kama pazia linavyoshika harufu ya mgeni.
Nani alisema masizi huchafua?
Narudi nyumbani na pua nyeusi,
na nyuma yangu maji yanatoka meupe.

Bwana Venugopal wa ukaguzi huinua glasi kwenye taa.
"Kioo," husema. Hutia sahihi. Huletewa chai.

Sasa la shangazi Nachammal.
Ana minazi arobaini kule chini, ukingoni.
Jumapili nilimpelekea chupa, kifua mbele.
Hakuinua kwenye taa yoyote.
Alitia tone kwenye ncha ya ulimi
akatema karibu na kiatu changu.
"Chumvi."

Makaa hukamata rangi; chumvi huipisha,
kama bawabu anayemjua mwenye nyumba.
Minazi yake inaangusha vidaka, haifikishi dafu.
Mwakani hatakuwa na kifuu cha kuwauzia
wanaonipikia makaa.

Upo mnara mwingine, wa kuzuia chumvi.
Upo kwenye ramani ya ofisini, tangu mwaka juzi,
kwa penseli.

Saa tisa usiku. Nimefungua mnara wa tatu,
nimeyakokota makaa yaliyoshiba, mazito, yanavuja,
yarudi tanurini yakasahau.
Daftari liko wazi.
Kwenye safu ya *hali ya maji*,
ambapo miaka sita nimeandika "safi",
leo nimeandika:
hayana rangi.