Daftari la Paraska

Bango lilipoteremshwa tuliona tofali
ambazo jua halikuzigusa tangu mwaka wa hamsini na mbili:
nyekundu bado, kama fizi baada ya jino kung'olewa.

Babu Metro alianza na nyundo, si magari.
Kwato za farasi, majembe ya plau,
katika mji wa Vesna, Saskatchewan:
reli moja, maghala mawili ya ngano, kanisa la kuba ya bati.
Gari la kwanza lilikuja kwa treni, magurudumu sandukuni.
Aliliunga usiku kucha, kukapambazuka
amebakiwa na boliti tatu asizojua kwao ni wapi.
Akazitia koponi. Kopo lipo hadi leo,
na gari lile lilikwenda.

Bibi Paraska ndiye aliyeandika.
*Kuchirka, gari moja. Kalipa: nguruwe wanne.
Bado: magunia sitini.*
Miaka ya vumbi, kurasa nzima ni bado, bado, bado.
Hakumnyang'anya mtu. Dawa ya deni kulipa, alisema,
lakini humezeshi dawa kinywa kisicho na mate.

Vita vikaja, viwanda vikageukia vifaru.
Dirishani likakaa gari moja lisilouzwa
na picha ya Ilko, ami yangu,
aliyeahidiwa kuliendesha.

Baba, Orest, alipenda rangi.
Aliagiza gari la waridi lenye paa jeupe;
mji ukacheka wiki nzima.
Mjane wa mwalimu akalinunua, fedha taslimu,
akawa analiendesha kanisani,
mita mia mbili.

Kisha barabara kuu ikahamia kilomita kumi na moja kusini.
Vijana wakaifuata. Mimi nikabaki na funguo.

Barua ya kampuni ilikuwa na aya mbili,
na jina letu wamelikosea katika zote mbili.
Nilimsomea baba kwa sauti. Akauliza
kama wamesema lolote kuhusu bango.

Leo tumepiga mnada. Jeki, madawati, saa ya ukutani.
Daftari sikulitoa.
Jioni akaja Kuchirka mwingine, kitukuu,
akashusha gunia la ngano mlangoni,
akasema, "Bibi yetu alisisitiza," akaondoka
kabla sijamuuliza yupi.

Nimeandika: sitini, toa moja.
Sina kuku, sina kinu.
Gunia limekaa kiti cha mbele cha lori la baba.
Nimelifunga mkanda.