Pazia

Xochistlahuaca, mwezi wa tano, mvua bado.
Tangu asubuhi Librado amekwama mstari mmoja:
pazia la hekalu linapasuka,
na Kiamuzgo kinamdai achague vitenzi,
kimoja cha mpasuko unaoufuata uzi,
kimoja cha mpasuko unaoukata.
Kihispania hakisemi. Kigiriki,
alichojifunza ukubwani kwa taa ya mafuta,
nacho kimya.

Anavuka ua hadi kwa bibi Eufrosina,
mkanda wa kitanda cha mfumi kiunoni,
ncha ya pili nguzoni,
pamba ya kahawia mapajani.
"Lilipasuka kwa mtande au kwa mshindio?"
"Kutoka juu hadi chini, ndivyo ilivyoandikwa."
"Juu ya nguo ni wapi, mwanangu?
Pazia halizaliwi likining'inia."

Anaokota kitambaa kikuukuu.
Anakivuta kwa urefu: chaa,
kama mchele unaomwagika sinia.
Anakivuta kwa upana: kinagoma.
Anamwita mkwewe Nicéforo, mikono ya kukatia miwa;
kinagoma,
kinagoma, kisha kinatoa mlio mfupi, mbaya,
mbwa anaamka.

"Huo," asema. "Kama haukuwa mkono wa mtu,
andika huo."

Librado anaandika. Anaweka alama ya toni,
anaifuta, anaipandisha kidogo;
neno lilo hilo, sauti ikishuka,
ni kumenya ndizi.

Bibi amerudia nyuzi zake.
Anahesabu, hesabu inampotea.
"Na mwanamke aliyelifuma," auliza,
"kuna aliyekwenda kumwambia?"