Jiwe la Kumi na Moja

Wamekuja na futikamba na mabuti mapya
yasiyoujua utelezi wa Rungwe,
wakayahesabu mawe ya daraja
kama wajomba wanaokagua ng'ombe wa mahari.
Kibao kimesimikwa, rangi haijakauka:
URITHI WA TAIFA. NI MARUFUKU
KUONDOA, KUONGEZA AU KUBADILI JIWE LOLOTE.

Mlinzi ni mimi. Nimepewa koti la mvua, filimbi na daftari.
Naandika wapitao: Subilaga na mkungu wake wa ndizi,
watoto wa shule, viatu mkononi,
muuza maziwa akiikokota baiskeli.
Pikipiki sasa huzungukia kule juu, kwenye chai,
na madereva wakiniona sokoni hawanisalimii.

Mtaalamu akapiga magoti.
Akalipapasa jiwe la kumi na moja
pale katikati, lilipobonyea kama kiganja.
"Asilia kabisa," akasema. "Fikiria
ni miaka mingapi ya maji!"
Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Si maji, bwana.
Ni ulezi.
Ni Tupokigwe, bibi yangu, mzaa mama,
alfajiri ukungu ukiwa bado umeilalia migomba,
kwaru, kwaru, jiwe juu ya jiwe,
nasi tumejikunyata motoni tukiungoja uji.

Mwaka wa mvua ile mto ulipanda ukang'oa jiwe,
likabaki shimo la kumeza mguu mzima.
Ng'ambo, mjomba Ambakisye yuko kwenye machela,
tumbo limemvimba, na waliombeba
hawaoni hata mikono yao.
Usiku ule hapakuwa na fundi wala saruji.
Bibi aliingia jikoni,
akatoka amelikumbatia jiwe lake la kusagia
kama mtu aliyembeba mtoto mkubwa, mgonjwa.
Likakaa. Halikucheza hata kidogo.
Mjomba akavuka.

Mwezi mzima tulikula ndizi, asubuhi na jioni,
na hakuna aliyethubutu kuuliza uji.

Mtaalamu amekwisha kuondoka. Mvua imerudi,
ya huku kwetu, isiyobisha hodi.
Bonde la jiwe limejaa, kitwitwi anakunywa,
mkia juu, mkia chini.

Daftari lina safu mbili: JINA, na AENDAKO.
Ya kwanza nimeandika Tupokigwe.
Ya pili kalamu imelowa.