Daftari la Mweka Hazina

Nilichaguliwa kwa ajili ya hati yangu,
si kwa uaminifu. Sheha alisema wazi:
"Msellem anaandika herufi zinazosomeka."
Nikapewa daftari la mistari na kalamu ya buluu,
nikachora safu tatu kwa rula ya mtoto wa skuli:
Jina. Shilingi. Saini.

Chumba cha kuzalia, Maziwang'ombe.
Kwa kuwa Time Hamad, mwaka juzi, katikati ya masika,
alibebwa juu ya kitanda cha kamba kuelekea Micheweni,
na waliombeba walirudi na kitanda, kimya.
Hilo halimo katika daftari.

Shilingi ziliingia kwa adabu.
Laki nne kutoka Maskati, kwa simu, na ujumbe:
"Jina langu lisomwe Ijumaa." Tukalisoma.
Msicheke. Huko analala chumba kimoja na watu wanane,
na laki nne ni miezi ambayo mkewe hapa alikopa unga.
Elfu tano. Elfu mbili. Mia tano ya mtoto Kaije,
inanuka ubuyu. Zote nikaziandika, zikatiwa saini.

Siku ya tatu ya msaragambo akaja Bi Riziki Shaame,
saruji imemkaukia viganjani kama ngozi ya pili,
akaiinamia meza yangu:
"Mimi umeniandika?"
"Umetoa kiasi gani?"
"Asubuhi tatu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Ilikuwa bamvua," akasema. "Maji yametoka hadi mwambani,
kamba zangu za mwani zimelala juani zinaniita,
nami niko hapa na karai kichwani. Andika."

Nikaanza hesabu, ndiyo tabia yangu:
asubuhi moja ya bamvua, kilo kadhaa za mwani mkavu,
mara bei ya mnunuzi, yule anayeegemeza kidole kwenye mizani...
Akanishika mkono.
"Huyo namuuzia. Nyinyi nimewapa."

Sikuwa na safu ya neno hilo.
Nikachora ya nne, pembeni, bila rula. Ikapinda.

Ikajaa kuliko zote.
Fundi Makame Tani: Ijumaa mbili baada ya sala,
na pima maji yake, ambayo haazimi mtu.
Vijana wa maskani ya juu na wa maskani ya chini,
ambao tangu uchaguzi hawaamkiani:
tofali mia na sitini, wakipokezana
bila kutazamana usoni.
Mkasi, mimba ya miezi saba: ndoo moja.
Kisha akakaa kivulini akatuhesabia zetu.
Mzee Mbarouk: "Sina nguvu, sina pesa, nina ngazi."
Ngazi ikaandikwa. Ikavunjika, nikaifuta.
Akaudhika. Nikaiandika tena.

Jioni moja sheha akauliza: "Jumla?"
Ya shilingi nikaitoa hadi mia ya mwisho.
Ya safu iliyopinda ikanishinda.
Ndoo ya Mkasi na tofali mia na sitini, utazijumlishaje?
Nikasema, "Bado naihakiki."
Naihakiki hadi leo.

Na mstari wenye jina langu mwenyewe
ulikuwa mtupu safu zote. Nilikuwa nikiandika.
Asubuhi iliyofuata nikaliacha daftari juu ya jiwe,
nikachukua chepe. Mvua ya vuli ikalikuta pale pale,
buluu ikatiririka,
laki nne ya Maskati ikaingia ndani ya ndoo ya Mkasi.

Paa limefika. Dirisha limefika. Mlango bado;
pesa yake iliishia kwenye misumari.
Jana usiku mtu ametundika kanga mlangoni,
mpya, bado ina wanga wa dukani.
Nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza.
Kila mmoja anamtaja mwenziwe.

Nimeacha mstari mmoja wazi.
Kanga hiyo ina jina, kama kanga zote,
lakini aliyeitundika ameligeuzia ndani,
lielekee kitandani.
Sijaingia kulisoma.