Joto Mpaka Saa Mbili

Saa kumi kamili boila la shule linazimwa.
Mabomba yanagugumia mara tatu, kisha kimya,
na baridi inaingia chumba namba kumi na nne
bila kubisha hodi, kama mkaguzi.

Watoto wanavaa makoti. Hawaondoki.
Maren Loonsfoot amekata vidole vya glavu
apate kushika skrubu ndogo kama punje ya mtama.
Wyatt amelaza betri kifuani, ndani ya sweta,
maana betri ikipoa hudanganya volti zake.
Mezani roboti amelala chali, tumbo wazi,
mguu mmoja hana.

Mimi niliajiriwa kufundisha aljebra.
Daftari la fedha nilipewa siku niliyochelewa kikao:
nilipofika, wenzangu wote walikuwa wameshasema hapana.

Mwaka wa kwanza kiwanda cha karatasi kilitulipia vyote,
mota, usajili, basi la kwenda mashindanoni,
na jina lake tukalichora ubavuni mwa roboti
kwa herufi kubwa kuliko letu.
Machi kiwanda kikafungwa.
Jina likabaki mwaka mzima; rangi ya kulifutia
nayo inauzwa.

Haba na haba, tunaambiwa, hujaza kibaba.
Kibaba chetu kina tundu.
Tuliuza mikate ya nyama na viazi mlangoni pa kanisa,
mia mbili na kumi, mama yake Wyatt akikanda tangu alfajiri,
tukapata mota moja na nusu.
Hakuna duka liuzalo nusu ya mota.

Bi. Pelkola aliletwa na moshi.
Alikuwa akipita na mbwa wake, akaona dirisha letu,
akaingia na theluji yake viatuni:
"Nani amefunga waya hizi?"
Miaka thelathini na mmoja fundi umeme wa kiwanda,
hajawahi kufundisha mtu, wala hakuficha.
Wiki ya kwanza aliwaliza wawili.
Wiki ya pili walimsubiri mlangoni.
Roboti hamgusi. Mikono i mifukoni daima;
nilidhani ni ukali, hadi nilipoona
chai yake ikimwagika kando ya kikombe.
"Mikono yangu imestaafu," akasema.
"Naazima yao."

Mashindanoni tulikuwa wa thelathini na nane
kati ya timu arobaini. Waya ulichomoka.
Ndani ya basi hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Kwenye bodi ya shule hatukuwa na kikombe cha kuonyesha.
Maren hakuhutubia. Alitoa betri mkobani,
iliyolala usiku kucha chumba namba kumi na nne,
akamkabidhi mwenyekiti: "Shika."
Mwenyekiti akashika, akampa jirani upesi,
na jirani akampa jirani,
ikazunguka meza kama deni.

Wanne dhidi ya watatu.
Jumanne na Alhamisi, joto mpaka saa mbili usiku.
Tervo, mtunza majengo, aliyewahi "kusahau" kulizima boila
akaandikiwa barua ya onyo,
ameibandika barua hiyo juu ya boila lenyewe
na chini yake ratiba mpya, kwa kalamu nyekundu.

Juni Maren anaondoka. Wanaondoka kila Juni,
wakishajua tu kitu.
Alhamisi iliyopita nilimwona amesimama
nyuma ya mtoto wa darasa la saba aliyeinamia nyaya,
mikono ya Maren mifukoni, na haina baridi.
"Nani amefunga waya hizi?"
Mtoto akameza mate. "Mimi."
"Fungua. Anza tena. Nipo."

Bi. Pelkola alikuwa akimtazama mbwa wake.

Daftarini bado tunadaiwa dola mia nne na sitini.
Mfadhili mmoja amesema atapiga simu.
Saa moja na dakika ishirini; nje theluji inapanda dirisha.
Naligusa bomba kwa kiganja kizima.